Spishi Mbili au Moja? Kutatua Utata wa Wanyama Wadogo wa Mchanga wa Bahari

Slaidi mbili ziko mezani. Kila moja ina mnyama wa robo milimita, na wote wawili wametoka katika kijiko kimoja cha mchanga wa bahari. Wamefanana kama shilingi kwa ya pili, ila mmoja ana mwiba wa ziada kila upande mwishoni mwa mwili. Je, ni spishi mbili?

Swali hili humrudia kila anayeanza kuchunguza meiofauna, yaani wanyama wanaopenya chekeche la milimita 1 (wengine hutumia la nusu milimita) na kunaswa na chekeche la mikromita 63 au jembamba zaidi. Jina hilo lilitolewa na Molly Mare mwaka 1942, na ndani yake wamo wanyama wasio na undugu wa karibu hata kidogo: nematodi (minyoo ya mviringo), kopepodi (jamaa wadogo wa kamba), dubumaji (tardigrada wenye miguu minane), kinorinka (wenye gamba la pingili na miiba), gastrotrika (laini, wenye mirija ya gundi), minyoo bapa na wengineo.

Nimejizoeza kushuku mambo kwa mpangilio. Kwanza nauliza mnyama alikufaje. Kisha nauliza umri wake, jinsia yake, upande aliolalia kwenye slaidi, na lenzi niliyomtazamia. Spishi naifikia mwisho. Nafanya hivyo kwa sababu tofauti nyingi zinazotuhangaisha tumezitengeneza sisi wenyewe kabla jicho halijafika kwenye hadubini, na kufanana kwingi pia tumekutengeneza sisi. Basi tuanze na dalili.

Dalili: wanyama laini wote wamekuwa vidonge

Umemimina fomalini moja kwa moja kwenye mchanga, ukachuja, ukapaka rangi ya rose bengal, na sasa una rundo la vidonge vya waridi. Hapo huwezi kutofautisha hata gastrotrika na mnyoo bapa, sembuse spishi na spishi.

Gastrotrika, minyoo bapa na gnathostomulida hawana gamba gumu la kulinda umbo lao. Dawa kali ikiwagusa wanajikunja papo hapo. Alama zinazowatenganisha, kama mpangilio wa mirija ya gundi ubavuni, kijiwe cha mizani kichwani au sindano ngumu ya kiungo cha uzazi, huonekana vizuri mnyama akiwa hai, na baada ya fomalini nyingi kati ya hizo hazionekani tena.

Dawa yake ni kuwalegeza kwanza. Yeyusha takriban gramu 73 za magnesiamu kloridi ya fuwele zenye maji (ile yenye molekuli sita za maji) hadi ujazo ufike lita moja kwa maji yasiyo na chumvi. Mchanganyiko huo unakaribia kulingana na maji ya bahari kwa msukumo wa chumvi, kwa hiyo mnyama analala bila kuvimba wala kusinyaa. Funika mchanga kwa dakika kama kumi, zungusha chombo taratibu, acha chembe nzito zitue sekunde chache, kisha mimina maji ya juu kwenye chekeche. Rudia mara tatu au nne. Wanyama ulionasa warudishe haraka kwenye maji ya bahari, nao wataamka.

Sasa mweke mmoja kwenye slaidi ndani ya tone dogo, weka kioo cha kufunikia, na unyonye maji pembeni kwa ncha ya karatasi ya kufyonza hadi kioo kimbane kidogo. Hapa subira inalipa. Mnyoo bapa anapobanwa polepole huonyesha sindano yake ya uzazi, na kwa makundi mengi sindano hiyo ndiyo inayotaja spishi. Piga picha na video kabla hajapasuka. Michoro ya mkono isidharauliwe pia, maana mkono unaochora hulazimisha jicho kuuliza mstari huu unaishia wapi.

Ukiwa bado naye hai, ondoa utata wa makundi makubwa. Gnathostomulida, waliotambulishwa na Peter Ax mwaka 1956, hudhaniwa kuwa minyoo bapa myembamba. Tafuta taya ngumu nyuma ya mdomo, na tazama ngozi: kila seli ina usilia (kijinywele kinachopigapiga) mmoja tu, ilhali minyoo bapa ina mingi kwa kila seli. Kwa vijinyoo vyenye kijiwe cha mizani, hesabu vijiwe. Asela (Acoela) wana kimoja, Nemertodermatida kwa kawaida wana viwili. Na kwa gastrotrika, angalia uwazi ndani ya koo. Ukikatwa kimapana, una umbo la Y kwa Chaetonotida na umbo la Y iliyogeuzwa juu chini kwa Macrodasyida. Kwa kuwa hutakata mnyama kila siku, tafuta vitundu viwili vya koo vinavyofunguka ubavuni, ambavyo Macrodasyida huwa navyo.

Dalili: kila sampuli ina spishi ileile moja

Huenda ni kweli. Lakini huenda pia mbinu yako inamtoa yule tu anayekubali kuachia mchanga. Wanyama wengi wa humu hujigandisha kwenye chembe, na spishi mbili za jenasi moja zinaweza kushika mchanga kwa nguvu zisizolingana.

Kisa cha lorisifera kinafaa kukumbukwa. Reinhardt Kristensen, akiwa Roscoff huko Ufaransa mwaka 1982, alikuwa na haraka na akaosha mchanga wake kwa maji yasiyo na chumvi. Mshtuko huo uliwalazimisha wanyama ambao magnesiamu kloridi haikuwaachisha, na kati yao walikuwemo lorisifera wa hatua mbalimbali za ukuaji. Mwaka uliofuata alitangaza faila (kundi kuu la wanyama) mpya kabisa, na *Nanaloricus mysticus* ndiye aliyekuwa wa kwanza kupewa jina. Kwa hiyo baada ya kumaliza na magnesiamu kloridi, usitupe mchanga. Uoshe kwa maji yasiyo na chumvi kwa muda mfupi na uchuje tena, ukijua kwamba wanyama laini watakaotoka hapo wataharibika.

Kinorinka nao wana njia yao. Gamba lao halipendi maji, na wakigusana na hewa hunata kwenye uso wa maji. Pulizia viputo vya hewa ndani ya ndoo ya tope na maji, kisha lazia karatasi juu ya uso na uioshe kwenye chekeche. Kwa sampuli za tope njia hii hutoa kinorinka wengi na safi kuliko nyingine ninayoijua.

Dalili: wawili wanalingana kila kitu isipokuwa sehemu ya nyuma

Hii ndiyo slaidi mbili za mwanzo. Nilipoanza na *Echinoderes*, jenasi ya kinorinka yenye spishi zaidi ya mia, niliweka wanyama hao katika visanduku viwili na kuwaandikia majina mawili ya muda. Nilitumia majuma kutafuta tofauti nyingine ya kuunga mkono ya kwanza na sikuipata. Walikuwa dume na jike.

Kinorinka mkomavu ana kichwa kinachoingia na kutoka, shingo, na pingili 11 za kiwiliwili. Kwa *Echinoderes*, tazama pingili ya 11. Jike ana jozi ya miiba ya ziada kando ya ile miiba mirefu ya mwisho. Dume hana jozi hiyo. Mahali pake kuna jozi tatu za miiba mifupi ya uzazi, ambayo ikilazwa vibaya hujificha nyuma ya miiba mirefu. Katika spishi kadhaa dume hutofautiana pia kwa mirija ya pingili ya 10. Ukishajua jinsia, ziondoe alama hizo zote kwenye hesabu, ndipo ulinganishe kilichobaki: pingili zipi zina mwiba katikati ya mgongo, zipi zina miiba au mirija ubavuni, na vitundu vya tezi vimekaa wapi. Fomula hiyo ya miiba na mirija ndiyo moyo wa utambuzi wa jenasi hii.

Jinsi mnyama alivyolala ina uzito uleule. Kinorinka aliyelala ubavu huchanganya mwiba wa ubavuni na wa tumboni, na fomula yote inahama hatua moja. Mlaze kifudifudi au chali, na ikiwezekana tayarisha mmoja kwa kila upande. Mimi naona ni afadhali vielelezo vinne vilivyolala sawasawa kuliko arobaini vilivyolala ovyo.

Kwa kopepodi wa Harpacticoida, jinsia hubadilisha mengi zaidi. Dume ana papasi za mbele zilizokunjika kama kiwiko kwa ajili ya kumshika jike. Jike ana pingili mbili zilizoungana kuwa moja ya uzazi. Mguu wa tano huwa na umbo tofauti kabisa kati yao, na katika familia nyingi hata mguu wa pili au wa tatu wa dume umebadilika. Mtu akilinganisha mguu wa tano wa dume na mchoro wa mguu wa tano wa jike, ataandika jenasi mpya bila kosa lolote la macho.

Nematodi wana tabu ya upande mwingine: jike peke yake mara nyingi hatoshi. Spikuli za dume (vijisindano vyake vya kujamiiana) na safu ya vijitundu au vinundu mbele ya kloaka yake (tundu la pamoja la haja na uzazi) ndivyo vinavyotenganisha spishi katika jenasi nyingi. Ukiwa na majike tu, ishia kwenye jenasi, uendelee kutafuta dume.

Dalili: idadi ya vidole, miiba au mirija haikubaliani na mwongozo

Kuna sababu tatu hapa, na zitazame kwa mfuatano huu.

Ya kwanza ni utoto. Dubumaji wa bahari wa jenasi *Batillipes* wana vidole sita kwa kila mguu wakikomaa, kila kidole kikiishia na kisahani cha kunata. Wachanga wana vidole vichache zaidi. Spishi za *Batillipes* hutenganishwa kwa urefu wa vidole ukilinganisha kimoja na kingine, hasa vya mguu wa nne, kwa umbo la kiambatisho cha nyuma, na kwa vinundu vya ubavuni kati ya miguu. Yote matatu hayaaminiki kwa mtoto. Tafuta tundu la uzazi. Usipoliona, usimtumie mnyama huyo kutaja spishi. Kinorinka hupitia hatua sita za utoto, na miiba hubadilika njiani. Nematodi wana hatua nne, kopepodi wana hatua sita za naupliasi na tano za kopepoditi kabla ya kukomaa. Gastrotrika huongeza mirija ya gundi kadiri wanavyokua, kwa hiyo mwenye mirija 9 na mwenye mirija 14 wanaweza kuwa ndugu wa damu.

Ya pili ni kuvunjika. Miiba na nywele hukatika kwenye chekeche. Mwiba uliokatika huacha alama ya kiungo chake kwenye gamba, kiduara chenye ukingo. Kwa hiyo usihesabu miiba, hesabu mashina yake. Kwa kopepodi fanya hivyohivyo kwenye kila mguu, ukiwa umewapasua kwa sindano nyembamba ndani ya tone la asidi ya laktiki.

Ya tatu ni kupishana kwa kawaida ndani ya spishi moja. Tazama kushoto na kulia kwa mnyama mmoja. Kopepodi akiwa na nywele tatu upande mmoja na nne upande wa pili, tayari amekuonya usijenge spishi juu ya unywele huo.

Dalili: vipimo vya spishi mbili vinaingiliana

Nematodi hupimwa kwa uwiano wa De Man: *a* ni urefu wa mwili ukigawanywa kwa upana mkubwa zaidi, *b* ni urefu kwa koo, *c* ni urefu kwa mkia. Uwiano huu ni mzuri, lakini *a* inadanganywa kwa urahisi mno. Kioo cha kufunikia kikimkandamiza mnyama, upana unaongezeka na *a* inashuka. Jike mwenye mayai naye anapanuka. Na ukimhamisha nematodi kutoka fomalini kwenda gliserini kwa haraka, anabonyea na *a* inapanda.

Zuia haya kwa kuweka duara la nta au vipande vya kioo vyenye unene unaolingana na mnyama chini ya kioo cha kufunikia, na kwa kumwingiza kwenye gliserini polepole, maji na alkoholi vikivukizwa kidogokidogo. Pima madume peke yao. Kisha angalia kama mwingiliano bado upo. Ukiwapo, achana na *a* na urudi kwenye vitu visivyobanwa: umbo la amfidi, ambayo ni kiungo cha kunusia pande mbili za kichwa na huweza kuwa kiduara, mfuko au mzunguko kama konokono, mpangilio wa nywele za kichwa, meno ya mdomoni, mkunjo wa spikuli. Kwa amfidi ya mzunguko hesabu mizunguko kwa aliyekomaa tu, kwa sababu wachanga huwa na michache.

Dalili: mimi naona ncha nne, mwenzangu anaona tano

Gastrotrika wa jenasi *Tetranchyroderma* wamefunikwa kulabu ndogo ambazo kwa kawaida zina ncha nne au tano, kutegemea spishi. Kulabu ni ndogo kiasi kwamba ncha moja inaweza kukaa chini ya nyingine kwenye mstari wa macho. Anayetazama kwa lenzi ya mara 40 anaona nne, na aliyetumia lenzi ya mara 100 yenye mafuta anaona tano. Wote wawili wanaripoti kwa unyofu.

Zungusha kirekebisha-makini (kitufe cha kulenga cha hadubini) polepole sana, kutoka juu ya ngozi kwenda chini, na uangalie kulabu za sehemu mbalimbali za mwili, hasa ukingoni ambako huonekana kwa ubavu. Ukipata hadubini ya mwanga wa Nomarski, itumie; vivuli vyake huinua kingo ambazo mwanga wa kawaida huzifuta. Vitundu vya tezi vya kinorinka navyo ni hivyohivyo: kwa mwanga wa kawaida hufanana na shina la mwiba uliokatika, na ni hadubini ya elektroni peke yake inayomaliza ubishi. Nikikosa hadubini hiyo, naandika "alama ya duara, aina haijathibitika" na kuendelea.

Dalili: umbo ni moja, DNA ni mbili

Ukifika hapa baada ya kupita yote ya juu, una jambo la kweli mkononi. Hata hivyo hakikisha DNA yenyewe kwanza. Mnyama wa robo milimita ana seli chache, na chakula kilicho tumboni au uchafu uliogandia kwenye gamba unaweza kusomwa badala yake. Rudia kwa wanyama kadhaa wa kila kundi, waliohifadhiwa kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, kwa sababu fomalini huikatakata DNA. Na usitegemee jeni moja: jeni ya 18S hubadilika polepole na huweza kuwaonyesha ndugu wa karibu kama mmoja, ilhali jeni ya COI hubadilika haraka zaidi.

Piga picha zote kabla ya kuyeyusha mwili. Kwa kinorinka na dubumaji gamba tupu huweza kuokolewa baada ya DNA kutolewa, likawekwa kwenye slaidi, na hapo picha, gamba na mfuatano wa jeni vinakuwa vya mnyama mmoja. Bila hilo, ukigundua makundi mawili ya DNA hutakuwa na mwili wa kurudia kuutazama.

Spishi zilizofichika zipo, tena nyingi. *Litoditis marina*, nematodi wa magugu ya bahari yanayooza, alionekana kuwa mmoja hadi vipimo vya jeni kwenye pwani za Ubelgiji na Uholanzi vilipoonyesha nasaba kadhaa zinazoishi pamoja. *Stygocapitella subterranea*, anelida (mnyoo wa pingili) mdogo wa mchanga aliyeelezwa mwaka 1934, alidhaniwa ameenea pwani za mabara tofauti. Jeni zikaonyesha spishi kadhaa zilizotengana kwa mamilioni ya miaka huku miili yao ikibaki karibu ileile. Hilo linaeleweka ukifikiri maisha yao. Wengi wa wanyama hawa hawana kiluwiluwi kinachoelea baharini, wanaishi na kufa kati ya chembe za mchanga, na nafasi kati ya chembe hailegezi masharti: uwe mwembamba, ushike vizuri. Mimi huwa na wasiwasi kila ninapoona jina moja la spishi likitajwa kwenye bahari tatu.

Ukiwa na makundi mawili yaliyothibitika, rudi kwenye miili ukijua sasa nani ni wa kundi gani. Mara nyingi tofauti hujitokeza baada ya jibu kujulikana: tofauti ndogo ya urefu wa spikuli, kitundu cha tezi kwenye pingili ya 8, ncha ya sindano iliyopinda.

Dalili: mwongozo unaishia kwenye jina lisiloridhisha

Mwongozo wa utambuzi una spishi za mahali ulikoandikwa na za wakati ulipoandikwa, basi. Ukiutumia kwenye bahari nyingine utakupa jina kila mara, kwa kuwa kila swali lake lina majibu mawili na lazima uchague moja. Ukifika mwisho, fungua maelezo ya awali ya spishi hiyo na ulinganishe mchoro kwa mchoro, pamoja na aina ya mchanga na kina cha maji.

Ukikuta alama moja imekataa, andika *Batillipes* cf. *mirus*, "cf." ikimaanisha kwamba umelinganisha na hukuridhika. Ukikuta kadhaa zimekataa, andika *Batillipes* sp. 1, yaani spishi ya kwanza ya jenasi hiyo isiyo na jina bado, na kwenye lebo uandike jinsia, hatua ya ukuaji, upande aliolalia, dawa iliyomuua, na lenzi uliyotumia. Weka slaidi mahali pakavu, ikiwa imelala bapa ili gliserini isimsogeze mnyama.